Jamani, huu ni utani sio wizi

Juzi nimekaa zangu nacheza The Boggit, mpwa wangu akachungulia akaona maandishi matupu kwenye skrini, akauliza "Anko, imeharibika?" Hilo nikasamehe. Nikamweleza kwamba hii ni gemu ya 1986 inayoitania gemu nyingine, The Hobbit, akasema "kwa hiyo wamekopi". Wamekopi! Chai ilinipalia.

Sasa sikia. The Hobbit ilitoka 1982, unaandika amri kwa kibodi kompyuta inakujibu, na wahusika wanazunguka na mambo yao bila kukusubiri, kwa enzi zile ilikuwa balaa. Ila umetupwa kwenye jela ya mazimwi, unahangaika kutafuta pa kutokea, mwenzako Thorin anakaa chini anaanza kuimba habari za dhahabu. Dhahabu! Unamuomba msaada, anakaa tena, anaimba tena. Mtu aliyepitia mateso hayo halafu akaja kuyacheka ni mwizi huyo? Huyo mtani. Kwetu mtani anaingia msibani amevaa koti la marehemu, anatembea kama marehemu, anakohoa kama marehemu, wafiwa wanacheka huku wanalia na hakuna wa kumfukuza, maana utamuigizaje mtu usiyemjua?

Na waliotengeneza The Boggit walikuwa vijana tu. Fergus McNeill na wenzake wa Delta 4, kikundi chao cha kutengeneza gemu, walitumia The Quill, programu iliyotoka 1983 ya kutengenezea gemu za maandishi bila kuwa fundi wa kuandika programu, wakabana vituko vyao kwenye Spectrum, kompyuta ya nyumbani ya enzi hizo yenye kumbukumbu ya kilobaiti 48. Picha ya "asubuhi njema" uliyotumiwa leo kwenye grupu la familia inazidi hapo.

Haya, dogo ana kapointi kamoja. Gemu yao ya 1985, Bored of the Rings, hata jina walilichukua kwenye kitabu cha utani cha Marekani cha 1969. Na vichekesho vingine ni vya kitoto kabisa, vingine vya TV za Uingereza za wakati ule, mimi navipita tu kama matangazo. Lakini 1986 hiyohiyo Delta 4 hao hao wakatoa gemu rasmi ya The Colour of Magic, kitabu cha Terry Pratchett, mzee mzima wa kuwatania wachawi. Mwizi huwa anakabidhiwa funguo za nyumba?

Sikubishana naye tena. Nikamwekea The Hobbit yenyewe nikaenda zangu jikoni. Haikupita nusu saa nasikia sebuleni: "We Thorin we, si unyamaze!"