Kodi Imelipwa Katika Ulimwengu wa Roho

Leo asubuhi nimegonga mlango wa mpangaji wangu. Mlango ni wangu, fremu ni yangu, kitasa nilikinunua Makoroboi, hapa Mwanza mjini, kwa hela yangu, lakini nimegonga. Mara tatu, polepole, kama mtu mwenye nyumba na heshima zake. Miezi miwili hajalipa, elfu arobaini mara mbili. Maisha ya mwenye vyumba vitatu vya kupangisha huku Igogo mlimani sina haja ya kuyaeleza, mnayajua. Sebuleni kwangu kuna jiwe lililoingia na ukuta, fundi alishindwa kulivunja, tukalitandikia kitambaa tukaweka televisheni juu.

Mlango ukafunguliwa.

"Tumsifu Yesu Kristo," nikasema.

"Bwana Yesu asifiwe sana, Baba!"

Tukabaki tunatazamana. Mimi nasubiri "milele amina" yangu, yeye anasubiri "amina" yake. Shikamoo haikutokea kabisa, imepotelea katikati ya madhehebu.

Nikasema nimekuja kwa ile kodi. Kijana akafumba macho, akanyoosha kiganja kama trafiki anayesimamisha lori la mkaa.

"Baba, usitamke deni. Kinywa kinaumba."

"Kimeshaumba. Kimeumba elfu themanini."

"Nalikataa hilo neno."

"Likatae, mimi nalikubali. Lete hela."

"Baba, hiyo kodi nimeshailipa. Katika ulimwengu wa roho."

Jamani. Nina miaka hamsini na nane. Nimewahi kupanga na nimewahi kupangisha. Nimeshawahi kuambiwa mshahara umekwama, laini imefungwa, bibi amefariki, na bibi huyo huyo akafariki tena baada ya Pasaka. Vyote nilivimeza. Lakini ya kulipiwa rohoni ndiyo naisikia leo. Nikatoa simu, nikavaa miwani, nikafungua meseji pale pale mlangoni mbele yake. Ya mwisho ilikuwa ya mtu nisiyemjua ananiambia ile hela nitume kwenye namba hii. Nikamwonyesha. Nikamuuliza huko rohoni alimlipa nani, maana mimi na roho yangu tunatumia namba moja.

"Nilipanda mbegu, Baba. Elfu sitini. Baba wa kiroho akatamka kwamba ndani ya siku saba mwenye nyumba wangu ataguswa."

"Siku saba zimeisha lini?"

"Jana."

"Basi nimeguswa. Ndiyo maana nimekuja."

Hapo mama wa maandazi wa mlango wa tatu akashusha karai lake chini ili asikie vizuri.

Nikaona hapana, huyu mtoto shida yake siyo hela, ni mafundisho. Nikavuta kigoda, nikakaa mlangoni kwake. Babu yangu, nikamwambia, alibatizwa Bukumbi, kwa wale Mapadri Weupe waliofungua misheni pale mwaka 1883. Unajua alifundishwa muda gani kabla ya kumwagiwa maji? Miaka minne. Kardinali Lavigerie, mwenye shirika lao, ndivyo alivyoagiza, miaka minne, hakuna njia ya mkato. Babu alikwenda kwa miguu, na jembe begani, anakariri maswali na majibu njia nzima. Siku hizi mtu anaokoka Jumatano, Jumapili ameshika kipaza sauti, mwezi unaofuata ana bango kubwa njia ya kwenda Buhongwa, amevaa suti nyeupe, anaitwa mtume. Petro mwenyewe aliyekuwa mvuvi kama ndugu zangu wa mwaloni hakupanda vyeo kwa kasi hiyo.

"Haya," nikasema, "dhambi ya asili ni nini?"

"Hiyo ni ile laana ya ukoo, Baba. Ya upande wa mama. Nimeshakatiwa mwezi wa tatu. Elfu ishirini."

"Utatu Mtakatifu?"

"Baba, ukiingia sana huko unakuwa mtu wa dini. Mimi sina dini, nina wokovu."

Mnasikia? Mwaka 325 maaskofu walisafiri kwa punda na mashua mpaka Nikea, wengine bado wana makovu ya mateso mwilini, wakabishana mpaka wakapata neno moja la kumweleza Mwana, kwamba ana umungu mmoja na Baba. Neno moja! Mwaka 2025 limetimiza miaka 1700. Kuna watu walifukuzwa kwenye majimbo yao kwa ajili ya neno hilo. Halafu miaka yote hiyo inakuja kuishia kwenye chumba changu cha elfu arobaini, kwa mtu anayeniambia nikiingia sana huko nitakuwa wa dini.

"Na toba je?"

"Mtumishi wetu hapendi kuhubiri dhambi. Inashusha watu."

"Mambo ya mwisho ya mwanadamu unayajua?"

"Ya mwisho wa mwezi?"

"Ndiyo! Hata hayo ya mwisho wa mwezi nieleze!"

Mama wa maandazi akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikaona nimeanza kumpata, nikasogeza kigoda. Nikamwambia tuanze chini kabisa, darasa la watoto. Sala ya Bwana unaijua?

"Hiyo naijua, Baba."

Akasimama vizuri, akakunja mikono, akaanza. Sikuamini. Anaitiririsha bila kukwama. Jina lako litukuzwe, ufalme wako uje, riziki yetu, yote. Nikaanza kulegea moyo, nikasema kumbe mama yake alimfundisha. Akafika pale katikati, akapunguza mwendo kama Hiace inayotafuta abiria.

"Utusamehe deni zetu... kama sisi nasi... tuwasamehevyo... wadeni wetu."

Akasimama hapo hapo. Akafungua jicho moja.

"Amina!" akasema mama wa maandazi.

"Siyo deni!" nikaruka kwenye kigoda. "Ni makosa! Utusamehe makosa yetu!"

"Baba, Mathayo sita, kumi na mbili."

Akatoa simu, ile ile isiyokuwa na hela ya kodi, akanifungulia. Nikavaa miwani tena. Deni. Wadeni. Imeandikwa. Mimi nimesali "makosa yetu" tangu komunyo ya kwanza, sikuwahi kujiuliza kwa nini. Leo nimeelewa, Kanisa Katoliki lilikuwa linawalinda wenye nyumba.

Nilitaka kumpiga na Luther. Nilishaanza kabisa: unajua yule Mjerumani, mwaka 1517, alitoa hoja 95 kwa sababu ya mambo kama haya haya ya kuuziana neema ya Mungu kwa hela? Nikakumbuka katikati ya sentensi waliokuwa wanauza ni akina nani. Nikakohoa. Nikasema tuyaache hayo, ni ya Ulaya.

Akaniona nimepoa, akaingia ndani, akarudi na kichupa cha mafuta. Nipake kwenye vizingiti, anasema, biashara yangu itafunguka. Kijana, biashara yangu ni wewe! Nikupake wewe?

Halafu hapo ndipo nikakasirika kwelikweli, siyo utani. Kwa sababu ya kile kichupa. Tarehe 1 Februari 2020, pale Moshi, watu 20 walikufa kwenye mkutano wa injili, wakikanyagana ili wapite juu ya mafuta ya upako. Watu wazima na watoto wao. Wale hawakuwa wajinga, walikuwa watu wenye kodi, wenye ada, wenye mgonjwa nyumbani, kama huyu, kama mimi. Nani aliwaambia kwamba Mungu ana haraka ya namna ile? Nani aliwaambia Mungu yuko mwisho wa foleni? Nikamuuliza kijana hivyo, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, na hakukataa neno lolote. Akaangalia miguu yake. Ana ndala za rangi mbili tofauti.

Nikachukua kigoda changu nikaondoka.

Wala asifikiri namsema yeye peke yake. Bodaboda wa leo alikuwa na picha ya nabii kwenye tangi, na breki hana. Mpwa wangu amehama parokia kwa sababu ya maegesho. Kwenye misa ya pili kuna mtu alijipiga picha anapokea ekaristi, ulimi nje. Na sisi wazee, tukisema ukweli, Ijumaa za Kwaresima Kanisa linatuambia tujinyime nyama, hapa Mwanza, kando ya ziwa. Mtu anakula sato wa kupaka na ugali mpaka anafungua kifungo cha suruali, halafu anajipangusa mdomo anasema ametubu. Nimefanya hivyo miaka mingapi mimi?

Basi nimeingia ndani nimemkuta mama watoto anaosha vyombo, nikammwagia yote. Nikamwambia mwisho wa wiki hii kijana anatoka, abebe na ulimwengu wake wa roho. Mama watoto hakugeuka.

"Na maji atakubebea nani?"

"Maji gani?"

"Haya ninayooshea."

Ndiyo nikapewa habari. Bomba letu, mnalijua bomba letu. Ziwa lenye kilomita za mraba karibu 69,000 liko pale chini, ukisimama chooni unaliona linameremeta, bomba linakohoa tu. Mimi nilidhani maji ya humu ndani yanaletwa na yule mzee wa mkokoteni. Kumbe mkokoteni uliacha kupanda huku tangu wakati wa mvua. Ni kijana. Alfajiri, kabla sijaamka, madumu matatu kutoka bondeni, kila siku, miezi miwili.

"Mbona hakusema?"

"Nilimuuliza. Akaniambia mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kuume."

Kumbe kuna aya anazozijua. Na zote zinanikuta mimi.

Nimekaa na kalamu. Dumu moja kupandisha huku ni shilingi 400. Madumu matatu, 1,200 kwa siku. Siku sitini, 72,000. Nimerudia mara mbili, nimejaribu kusingizia Jumapili hakubeba, mama watoto anasema Jumapili alibeba manne. Kodi ni 80,000. Kwa hiyo hesabu za duniani, siyo za rohoni, zinasema ananidai uvumilivu na mimi namdai 8,000.

Elfu nane ni elfu nane. Ni kichwa cha sangara na mafuta ya kukaangia. Saa hizi ni saa tano usiku, nimenyanyuka mara mbili kwenda kugonga nimerudi. Ukuta wetu ni tofali moja, namsikia anaomba. Ameshamaliza ndugu zake, ameshamaliza nchi yetu na viongozi wake, sasa amefika kwangu. Anafunga roho ya kudai, anaiamuru imtoke baba mwenye nyumba, itoke kichwani, itoke tumboni, ishuke ziwani.

Nimegonga ukuta. Nimemwambia aiache kwanza hapo tumboni mpaka tumalizane ile elfu nane, na kesho asichote upande wa daraja, maji ya upande ule yana mchanga.