Msumari Mmoja, Wajomba Watano

Ukitaka kujua una wajomba wangapi Mtwara, tairi lako litoboke. Gari limelala upande mmoja pale Chikongola, hata jeki hujaigusa, washajaa. Wa kwanza analipiga tairi teke (teke linapima nini, mpaka leo haijulikani). Wa pili: "Mjomba, piga uzi hapo, uondoke." Wa tatu, kashika fungu lake la ming'oko (vile viazi vya porini): "Tupa hiyo, kanunue jipya." Wa nne anatoa koleo ang'oe msumari. Mzuieni huyo! Msumari ukiwa ndani unabana upepo usitoke wote, na ndio unaomwonyesha fundi tundu liko wapi na limeingia kwa mshazari au wima.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza umechoma wapi. Na kesi yote iko hapo.

Umechoma katikati ya kashata (zile pingili za mpira zinazokanyaga barabara), tundu halizidi milimita 6, yaani jembamba kidogo kuliko penseli? Hilo linazibika. Msumari wa bati umepita mtihani. Bolti iliyodondoka kwenye lori la simenti haikupita. Umechoma begani, pale kashata zinapopinda kuelekea ubavuni, au ubavuni kwenyewe? Hapo hakuna kiraka. Chini ya kashata kuna mikanda ya waya inayolikaza tairi. Ubavuni kuna nyuzi tu na mpira, tena ubavu unakunjwa na kukunjuka kila mzunguko. Kiraka cha hapo kitabanduka, swali ni lini. Fundi atakwambia, "Bosi, nakuchomea kiraka cha moto, ya malori tunafanya kila siku." Ya malori, sawa. Hili ni 225/45R17 91W: upana milimita 225, ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu inchi 17. Ubavu wake wote ni milimita 101, na kila moja ya milimita hizo ina kazi ukikata kona.

Hiyo W nayo! Maana yake tairi limepimwa kwa kilomita 270 kwa saa. Mtu kalipia 270, kutoka hapa mpaka Lindi kila kijiji kina kibao cha 50, na trafiki kakaa chini ya mkorosho na tochi yake ya kupima mwendo. Halafu tairi likishazibwa, watengenezaji kadhaa hawaidhamini tena ile W. Kwa safari ya Mingoyo hupungukiwi kitu. Kwa anayekwenda kushindana, anunue jipya, hakuna mjadala.

Sasa ule uzi. Ile kamba nyeusi yenye gundi inasukumwa kwa nje, tairi likiwa bado kwenye gari, dakika tano umeondoka. Ni wa kukufikisha kwa fundi, basi. Uzi hauzibi ngozi ya ndani ya tairi. Maji yanapenya taratibu mpaka kwenye ile mikanda ya waya, na sisi tunaishi kando ya bahari. Mabati ya nyumba yenyewe hayamalizi miaka bila kutu, sembuse waya mwembamba kama uzi wa nyavu.

Kuziba kwenyewe ni hivi: tairi litoke kwenye rimu. Fundi akilalamika rimu ya aloi itakwaruzika, mwambie atie kitambaa, alilipwa kwa hilo. Tundu lisafishwe kwa keekee, ngozi ya ndani isuguliwe mpaka ipoteze mng'ao, solusheni ipakwe na iachwe ikauke mpaka inate kidoleni bila kulowesha. Wengi hapa ndipo wanapoharibu: wanapaka, wanabandika papo hapo, kiraka kinateleza. Kisha kiraka chenye mkia, mfano wa uyoga: mkia unavutwa kutokea ndani mpaka nje, kofia inabaki ndani, inakandamizwa kwa kigurudumu kuanzia katikati kwenda pembeni. Mkia unaozidi unakatwa. Maji ya sabuni, tazama povu. Balansi. Hutaki balansi? Utatetemeka mpaka Masasi.

Ila kabla ya hayo yote, ingiza mkono ndani ya tairi. Ukitoka na unga mweusi, au ukaona mviringo uliochubuka ubavuni, ondoka, hata kama tundu ni dogo kama la sindano. Liliendeshwa bila upepo, rimu ikatafuna ubavu. Na haya ya ubavu mfupi yana hila: yanapungua upepo nusu nzima na kwa macho yanaonekana yale yale. Mtu anatoka Mikindani akiongea na simu, kilomita kumi, "mbona usukani mzito leo?" Tairi kwisha.

Ukishaamua kununua, ndipo vituko vinaanza. Duka la kwanza hawana. La pili wana 225/65, "namba moja tu imepishana, bosi." Namba moja! Ubavu milimita 146! Wa mtumba analo, linang'aa limepakwa nta, tafuta tarakimu nne ubavuni: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Lina umri wa kwenda shule, hilo. Ukipata mawili mapya, yafungwe nyuma, kwa sababu nyuma ikiteleza kwenye mvua gari linageuka. Mwenye Subaru inayovuta magurudumu yote aongeze kilio: jipya moja kati ya matatu yaliyolika, mizunguko haiendi sawa, difu ya kati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, inachemka. Anunue manne.

Mpaka hapo unasema afadhali nifunge spea nifikirie. Unafungua buti. Spea ni ile nyembamba ya muda, mwisho kilomita 80 kwa saa, na imeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa kwamba inataka upepo wa PSI 60. Mjomba wa tano kashashika mpira wa kompresa, anasimamia 30, "kama wenzake."