Pembe ya ng'ombe na pembe ya hesabu

Mi naona neno pembe linastahili dakika tano nzima za somo kabla mtoto hajashika kipimapembe. Kinachofanyika mara nyingi ni mwalimu anachora mistari miwili inayokutana, anasema hii ni pembe, ina nyuzi 60, andikeni, basi, na mtoto ambaye pembe anayoijua ni ile inayoota kichwani mwa ng'ombe anaachiwa aunganishe mwenyewe, na wengi hawaunganishi, wanakariri tu.

Na neno lenyewe lina utamu wa ajabu ukilifuatilia. Wachina wana herufi moja, jiao, ambayo ni pembe ya mnyama na hiyo hiyo ndo pembe ya hesabu. Ilianza kama picha kabisa ya pembe, unaikuta imechongwa kwenye mifupa ya kupigia ramli ya zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Pembetatu kwao ni sanjiaoxing, yaani san ni tatu, jiao pembe, xing umbo, Wajapani nao wakachukua herufi hizo kwa Wachina wakasema sankaku, ni pembe tatu vilevile. Wachina hawakukaa na Waswahili kupanga istilahi, kila mmoja kwake aliangalia kona ya umbo inavyochomoza akaona pembe, jamani mi hiyo inanifurahisha kila nikiikumbuka.

Hata hiyo kona yenyewe! Tumeitoa kwa Waingereza, wao wakaitoa kwa Wafaransa, na ukirudi nyuma kabisa unafika kwenye Kilatini cornu, ambayo ni pembe ya mnyama. Kwa hiyo kona na pembe tunazozitumia kila siku kama maneno mawili tofauti, moja la kuazima na moja la kwetu, yametoka kwenye kichwa kile kile cha mnyama.

Sio kila lugha ilianzia kichwani lakini, zingine zilianzia mguuni. Wagiriki walisema gonia, neno ambalo wanaisimu wanalihusisha na gony, yaani goti, na ndo hiyo unayoisikia katikati ya neno trigonometria. Kilatini angulus linatoka kwenye mzizi wenye maana ya kupinda, na mzizi huo huo ndo umewapa Waingereza ankle, kifundo cha mguu. Goti na kifundo, sehemu zinazokunjwa na kukunjuliwa. Waarabu wao wana zawiya, kona, ndo zawiya hizo hizo wanapokusanyika Masufi kwa dhikri.

Sasa hapo ndo ilipo hoja yangu. Ukisema pembe, macho yanaenda kwenye ncha. Ukisema goti, akili inaenda kwenye mkunjo, umekunja kiasi gani na umekunjua kiasi gani, na hesabu inapima hicho cha pili. Ncha haina nyuzi. Nyuzi 60 ni kiasi cha kufunguka kati ya mistari miwili na urefu wa mistari hauhusiki kabisa, irefushe mpaka ifike ukutani bado ni 60. Kudhani kwamba pembe yenye mistari mirefu ndo kubwa zaidi ni kosa ambalo watoto wanalifanya kwenye lugha nyingi tu kwa hiyo siwezi kukilaumu Kiswahili, ila kwetu neno lenyewe linalisogeza karibu, maana pembe ndefu ya ng'ombe kweli ni pembe kubwa!

Euclid mwenyewe, yule Mgiriki wa jiometri, yapata mwaka 300 KK, alieleza pembe kuwa ni mwinamo wa mistari miwili inayokutana bila kulala kwenye mstari mmoja ulionyooka. Yaani kwake yeye nyuzi 180 haikuwa pembe. Sisi leo tunafundisha pembe nyoofu, tunafundisha na pembe rejea inayozidi 180, mtoto anaangalia mstari umenyooka tu kama rula anauliza pembe iko wapi, na ana haki kabisa ya kuuliza, asinyamazishwe.

Waturuki wao waliamua kubadili neno. Mustafa Kemal Atatürk, rais wao wa kwanza, aliandika kijitabu cha jiometri majira ya baridi ya 1936 kuingia 1937, kikatoka bila jina lake, na humo zaviye ya Kiarabu ikawa açı, kutokana na kitenzi chao cha kufungua, na müselles, yaani pembetatu, ikawa üçgen, ambamo üç ni tatu. Hiyo açı naionea wivu kwa kweli, wazo lote liko ndani ya neno.

Ila sitaki tubadilishe la kwetu. Tulipochukua duara, mstatili na mraba kutoka Kiarabu (mraba ni ndugu wa robo na arubaini, wote wamebeba nne ndani yao) kwenye umbo la pande tatu hatukuchukua muthallath, tukajenga pembetatu, neno ambalo mtoto analielewa kabla hajaelezwa. Hilo ni la kulinda. Kali na butu nazo ziko poa, kisu kikali na kisu butu, na Walatini na Wachina walisema hivyo hivyo, hapo hakuna la kurekebisha.

Ninachoomba ni mwalimu aseme jina limetoka wapi, kwamba limetokana na umbo linavyochomoza, afu hapo hapo aseme tunachopima sio kinachochomoza, tunapima uwazi. Achukue vijiti viwili avifunge ncha moja kwa uzi, avilaze pamoja, hapo ni sifuri, avifungue taratibu wakati watoto wanataja, kali, ya nyuzi 90, butu, na vikifika kunyooka mstari mmoja asisimame, avipitishe hapo aendelee kuzungusha, ndo awaulize kilichokuwa kinaongezeka muda wote huo ni nini, na asiwajibie haraka.