Pangani haikuuawa na uvivu

Kila inapotajwa Pangani, mji mdogo ulioko kwenye mlango wa mto wa jina hilo mkoani Tanga, hukumu moja haikosekani: mji ulikufa kwa sababu wenyeji wake ni watu wa barazani, wasiopenda kazi. Inafaa kuipima hukumu hiyo, kwa kuwa watoto wa pale wanakua wakiisikia.

Wanaoishikilia hawakosi hoja. Utajiri wa Pangani wa karne ya 19 ulitoka kwenye pembe za ndovu zilizoletwa na misafara, na kwenye mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Utumwa ulipofifia, wenye mashamba ya Kizungu walilalamika kwamba vibarua hawapatikani. Hayo ni kweli, wala hakuna wa kuulilia mfumo ule.

Lakini msafara haukuwalisha wenye nyumba za mawe peke yao. Uliwalisha pia muuza vyakula, fundi wa mashua, mchukuzi na mvushaji wa kwenda Bweni, kijiji cha ng'ambo ya mto, watu ambao hawakuacha jina kwenye mlango wa nyumba yoyote. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga. Ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, ikipitia Korogwe, kandokando ya mto uleule. Tangu hapo mzigo wa Kilimanjaro haukuwa na haja ya kushuka Pangani. Wapo wanaojibu kwamba fungu la mchanga mlangoni mwa mto lilizuia meli kubwa, ilhali Tanga ina ghuba yenye kina. Sawa, ila anayejibu hivyo ameshaiacha hoja ya uvivu.

Mimi hunisumbua zaidi hesabu ya mkonge. Katika mwaka huohuo wa 1893, Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62, nayo ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto. Miche 62! Kutokana nayo kilikua kilimo kilichoifanya Tanganyika kuongoza duniani kwa katani, lakini bandari, maghala na ofisi zikawa Tanga. Kitalu kilikuwa Pangani. Mavuno yakahesabiwa kwingine.

Na kazi yenyewe ya mkonge ilikuwa ngumu na yenye ujira mdogo, kiasi kwamba watu walikusanywa kutoka mbali kwa mikataba, wale walioitwa manamba. Mwenyeji mwenye minazi michache na ngalawa hakuwa mvivu kwa kuikataa. Tukumbuke pia kwamba utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Miongoni mwa waliokataa kuamkia kwenye safu za mkonge chini ya msimamizi, walikuwamo waliowahi kuamshwa kwa amri kwenda kukata miwa katika bonde hilohilo.