Mabingwa Wawili, Msimu Mmoja: Besiboli ya Japani na Kelele za Mshindi wa Tatu

Mwishoni mwa Septemba 2024 wachezaji wa Yomiuri Giants walimzunguka kocha wao mkuu, Shinnosuke Abe, wakamnyanyua na kumrusha juu mara kadhaa, kama ilivyo desturi ya Wajapani timu inapotwaa ubingwa. Wiki tano baadaye, tarehe 3 Novemba, aliyerushwa juu alikuwa Daisuke Miura wa Yokohama DeNA BayStars, timu iliyomaliza ya tatu katika ligi ileile ambayo Giants walikuwa wa kwanza. BayStars walikuwa wameshinda michezo 71, wakapoteza 69 na kutoka sare 3. Fukuoka SoftBank Hawks, waliolala mbele yao katika fainali, walikuwa na ushindi 91. Pengo la ushindi 20 lililojengwa kwa miezi sita lilizikwa kwa michezo sita, na shauri lililokuwa limepoa likawaka upya: je, ni haki mshindi wa tatu kuitwa bingwa wa nchi?

Muundo wenyewe hauna mafumbo. Timu ni 12, zimegawanyika tangu 1950 katika Ligi ya Kati na Ligi ya Pasifiki, kila moja ikiwa na timu sita na msimu wa michezo 143. Timu tatu za juu za kila ligi huingia hatua ya mtoano iitwayo Climax Series, ambapo wa pili na wa tatu hukutana kwanza, kisha aliyepita humfuata bingwa wa ligi nyumbani kwake. Anayetoka hapo ndiye anayeiwakilisha ligi yake katika Nippon Series, fainali ya taifa zima.

Wanaopinga utaratibu huu si watu wa kupuuzwa, na hoja yao kuu ni ya hesabu nyepesi: katika ligi ya timu sita, kupitisha tatu ni kupitisha nusu ya darasa. Wana pia kumbukumbu ya kuwatia uchungu. Tarehe 19 Oktoba 1988, katika uwanja wa Kawasaki, Kintetsu, timu ya Ligi ya Pasifiki, walikuwa na michezo miwili ya siku moja dhidi ya Lotte, na walihitaji kushinda yote miwili ili wawapiku Seibu kileleni mwa ligi hiyo. Wa kwanza walishinda. Wa pili ukafika 4-4, na kanuni ya wakati huo ilisema kwamba mchezo ukishapita muda wa saa 4 kipindi kipya hakianzi. Sare ikabaki sare, na ubingwa ukaenda kwa Seibu ambao siku hiyo hawakuwamo uwanjani kabisa. Aliyeshuhudia usiku ule, msimu mzima ukining'inia kwenye mkono wa saa, atakuambia kwamba mbio za ligi zikiachwa zenyewe zina utamu ambao hakuna mtoano utakaoufikia, na sioni namna ya kumbishia.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya lawama za 2024 ilielekezwa kwa kosa ambalo halikutendeka. Giants hawakunyang'anywa chochote. Katika kumbukumbu za Ligi ya Kati, bingwa wa 2024 ni Giants, na wa Pasifiki ni Hawks; Climax Series haitoi ubingwa wa ligi, inatoa tiketi ya Nippon Series. Msomaji aliyezoea mpira wa miguu analijua jambo hili kwa jina jingine: kuna ligi na kuna kombe, na hakuna anayedai kwamba timu iliyobeba kombe imeifuta ligi. Tatizo ni kwamba neno "bingwa" hutumika kwa yote mawili, na mtu akilisikia mara ya pili hudhani la kwanza limefutwa.

Upo wakati ambapo kweli lilifutwa, na nashangaa kwamba wakosoaji hawautaji mara kwa mara. Kuanzia 2004 hadi 2006 Ligi ya Pasifiki ilikuwa na mtoano wake, na mshindi wa mtoano huo ndiye aliyeandikwa bingwa wa ligi. Katika miaka miwili ya kwanza kiongozi wa msimu alipewa mtaji wa ushindi mmoja kabla ya kuanza, lakini kwa sharti moja: awe amemwacha wa pili kwa angalau michezo mitano. Besiboli hupima umbali huo kwa kujumlisha tofauti ya ushindi na tofauti ya vipigo, kisha kugawa kwa mbili. Mwaka 2004 Hawks, wakati huo wakimilikiwa na Daiei, walimaliza juu ya Seibu kwa michezo minne na nusu. Mwaka 2005, chini ya SoftBank, walishinda 89 na kupoteza 45, huku Lotte wakiwa na 84 na 49: tofauti ni 5 na 4, jumla 9, nusu yake minne na nusu. Mara mbili mfululizo walikosa mtaji kwa nusu mchezo, mara mbili wakapoteza mtoano, na mara mbili jina lililoandikwa kwenye orodha ya mabingwa wa ligi likawa la mtu mwingine. Huo ndio uliokuwa unyang'anyi. Ligi zote mbili zilipoanzisha Climax Series mwaka 2007, jambo la maana lililofanyika, ingawa halikupigiwa tarumbeta, lilikuwa kumrudishia kiongozi wa msimu taji lake.

Mtaji nao ulibidi urudi. Mwaka 2007 haukuwapo, na Giants waliokuwa wa kwanza walifagiwa michezo mitatu kwa bila na Chunichi Dragons, waliokwenda moja kwa moja kuchukua Nippon Series. Tangu 2008, na ndivyo ilivyokuwa bado mwaka 2024, raundi ya mwisho huwa ya michezo sita, yote kwenye uwanja wa bingwa wa ligi, naye huanza akiwa na ushindi mmoja mkononi. Watu huutaja ushindi huo kama kipoza roho, na hapo ndipo napenda tukae kidogo. Chukua timu mbili zenye nguvu sawasawa, kila mchezo uwe kama shilingi inayorushwa juu, na sare tuziache kando. Michezo sita inaweza kumalizika kwa namna 64, na mgeni anayehitaji ushindi mara nne anafanikiwa katika namna 22 tu. Nafasi iliyokuwa nusu kwa nusu imeshuka hadi kama asilimia 34, bila kuhesabu faida ya kucheza nyumbani wala ukweli kwamba bingwa kwa kawaida ndiye mwenye kikosi bora. Kwa mshindi wa tatu, ambaye lazima kwanza amtoe wa pili ugenini, nafasi hiyo hukatwa tena katikati: asilimia 17.

Matokeo ya uwanjani yamekuwa makali kuliko shilingi. Ukiondoa 2020, mwaka wa Uviko uliovuruga ratiba, kuanzia 2008 hadi 2024 kulikuwa na raundi za mwisho 32, na bingwa wa ligi alipita katika 26. Mshindi wa tatu alipita mara tatu pekee: Lotte mwaka 2010, BayStars mwaka 2017 na BayStars tena mwaka 2024. Utaratibu unaomlinda aliyestahili mara nne kati ya tano hauwezi kuitwa bahati nasibu, na usipomwachia mgeni hata upenyo huo mdogo hakutakuwa na sababu ya kuuza tiketi.

Na tiketi si hoja ya wachuuzi tu. Kabla ya mtoano, ligi ikipata kiongozi aliyejitenga mapema, timu nne au tano zilimaliza msimu kwa mechi za kukamilisha ratiba. Wajapani walikuwa tayari na msamiati wa "daraja la A" kwa tatu za juu na "daraja la B" kwa tatu za chini, lakini heshima hiyo haikufungua mlango wowote. Mwaka 2013 Hiroshima Carp waliingia daraja la A kwa mara ya kwanza baada ya miaka 16, wakapangiwa kucheza na Hanshin Tigers katika uwanja wa Koshien, ambako kwa kawaida rangi ya manjano ya wenyeji humeza kila kitu. Siku hiyo upande wa wageni ulikuwa mwekundu, rangi ya Carp, kutoka chini hadi juu. Katika utaratibu wa zamani, mashabiki wale wangekuwa nyumbani.

Ninachowakubalia wapinzani ni kimoja. Carp hao hao walikuwa na ushindi 69 na vipigo 72, na Giants wa 2018 waliingia wa tatu wakiwa na 67 kwa 71. Hawakufika Nippon Series, lakini timu iliyopoteza zaidi ya ilivyoshinda haikupaswa hata kupewa nauli ya kwenda huko, na kanuni ya kuizuia ingeandikwa kwa mstari mmoja. BayStars wa 2024, kwa ushindi wao 71 dhidi ya vipigo 69, wangeuruka mstari huo bila kuugusa.

Wenyewe hawakudanganyika. Ubingwa wa taifa walioupata ulikuwa wa kwanza kwao tangu 1998, na mwaka huo walikuwa wamechukua vyote viwili. Ule wa Ligi ya Kati, hata baada ya Miura kurushwa juu, bado walikuwa wakiuhesabia miaka 26.