Shangazi Watatu na Rimu za Inchi 18

Kwa kuwa swahiba wangu ameshaisambaza video yake katika makundi yote ya WhatsApp niliyomo na mengine nisiyoyajua, na kwa kuwa simulizi lake linadai kwamba shangazi zangu walisukuma gari kutoka Mombo hadi Lushoto wakiwa wamevaa vitenge vya posa, naona ni haki yangu kueleza jambo lenyewe lilivyokuwa. Hakuna aliyesukuma gari. Walishuka, wakatembea, na gari likawafuata nyuma taratibu likiwa tupu. Mtu mwenye akili timamu ataona kuwa hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Subaru Forester yangu ni ya mwaka 2005, na ilitoka Japani ikiwa na rimu za inchi 16 na matairi ya 215/60, yaani upana wa milimita 215 na kimo cha ubavu asilimia 60 ya upana huo. Vipimo hivyo vilinitosha kwa miaka yote niliyokuwa sina mchumba. Lakini mtu anayekwenda kuposa anataka gari lake lionekane kabla hata hajashuka, nami nikaelekea Ilala, ambako muuzaji mmoja alinionyesha rimu nne za rangi ya dhahabu, inchi 18, upana wa inchi 8.5, zenye matundu matano katika duara la milimita 100 kama Subaru inavyotaka. Matundu yalikubali, nati zikakaza, muuzaji akapiga makofi, nami nikatoa pesa.

Kumbe matundu ni swali la kwanza tu la mtihani. La pili ni ofseti, yaani umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso wake unaobana kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Rimu za kiwandani zilikuwa na ofseti ya milimita 48, na hizi za dhahabu zilikuwa na 30. Ukichanganya tofauti hiyo na upana ulioongezeka, ukingo wa nje wa kila rimu ulitokeza milimita 43 zaidi kuliko awali, na ule wa ndani ukaisogelea shokapu kwa milimita 7. Hesabu hii niliipiga baada ya posa. Kabla ya posa kipimo changu kilikuwa vidole viwili, ambavyo nilivipenyeza kati ya tairi na madigadi gari likiwa halina hata paka ndani, navyo vikapita bila shida.

Swali la tatu ni matairi yenyewe. (Wale mnaoanza kucheka sasa hivi, ngojeni, bado hatujafika kwenye kona.) Muuzaji alikuwa na jozi mbili zisizolingana, akashauri 225/45 zikae mbele na 245/45 zikae nyuma, kwa maelezo kwamba magari ya mbio huvaa mapana nyuma. Hakudanganya: gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake huweza kuvaa hivyo na likapendeza. Langu linaendeshwa na magurudumu yote manne, na ndani ya giaboksi lake la otomatiki kuna klachi ya sahani nyingi inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Matairi ya mbele yakiwa na mzingo mdogo kuliko ya nyuma, yatazunguka mara nyingi zaidi kwa safari ileile, na klachi hiyo italazimika kuteleza muda wote, hata barabara ikiwa imenyooka, huku ikipasha mafuta moto. Subaru inataka tofauti ya mzingo kati ya matairi isizidi robo inchi, ambayo ni milimita 6 na ushei. Yangu yalipishana kwa milimita 56 na ushei.

Siku ya safari nyuma walikaa shangazi watatu, mbele akakaa mshenga, na buti likajaa kreti za soda, gunia la mchele na mizigo ya vitenge. Tulipita Chalinze, Segera na Korogwe bila tatizo lolote ambalo ningekubali kulitaja. Kulikuwa na mvumo, nikaongeza sauti ya redio. Kila tuta lilileta mkwaruzo mfupi, nikalaumu lami.

Kisha tukafika Mombo, tukaanza kupanda.

Anayeijua barabara ya Mombo kwenda Lushoto hahitaji maelezo, na asiyeijua atosheke kufahamu kwamba ni nyembamba, ina mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili, na kwamba kona zake zinakufanya uone namba ya nyuma ya gari lako mwenyewe. Mshenga alikuwa amezima redio ili afanye mazoezi ya maneno ya kufungulia kikao. Nilikunja usukani kushoto. Uzito wote ukahamia kulia, upande alioketi shangazi mkubwa, ambaye Mungu amemjalia mwili wa heshima. "Sisi ni wageni wenu," akasema mshenga, "tumepita nje ya bustani yenu, tumeona ua..." Hapo hapo ukingo wa madigadi ukalikalia tairi la 245, na ukatoka mlio mrefu, mnene, wa kupanda na kushuka, usio na staha yoyote. Mshenga akanyamaza. Nikaendelea kukunja, kwa sababu kona nayo ilikuwa ikiendelea, na mlio ukaendelea pamoja nasi. Gari likaanza kujikaza na kutetemeka, usukani ukawa mzito, na harufu ya mpira unaoungua ikapanda taratibu kutoka chini ya kiti cha nyuma.

Shangazi mkubwa akajiinua kidogo. Akanusa. Akajikagua kitenge mbele, akajikagua na ubavuni, kisha akaniuliza kwa upole ulioniumiza kuliko mlio wenyewe:

"Baba, ni mimi?"

Ndugu zangu, nilikuwa na nafasi ya kusema, "Hapana, shangazi, ni ofseti." Nilikaa kimya. Yule wa katikati akamjibu kwa niaba yangu: "Sogea huku kidogo, dada." Akasogea, mlio ukapungua, na hivyo ushahidi ukamwangukia yeye. Wakati huohuo taa ya joto la mafuta ya giaboksi ikawaka kwenye dashibodi, basi lililokuwa nyuma yetu likaanza kupiga honi, nami nikasimama palepale konani.

Abiria wa basi walishuka kutoa ushauri, kama desturi inavyotaka. Swahiba wangu, aliyekuwa akitufuata na gari lake lenye rimu za chuma za kiwandani, alishuka na simu ikiwa tayari inarekodi. Aliyeniokoa ni kijana wa bodaboda, ambaye alifungua boneti bila kuniuliza, akachomoa fyuzi ya redio na kuichomeka kwenye nafasi iliyoandikwa FWD, gari likaanza kuendeshwa na magurudumu ya mbele pekee. Kujikaza kukaisha. Mlio haukuisha, kwa sababu madigadi hayana fyuzi, na ndipo ikaamuliwa kwamba abiria wa nyuma washuke.

Walitembea kona kadhaa, mimi nikiwafuata kwa mwendo wa jeneza, hadi Fuso lililokuwa likipanda tupu kwenda kuchukua kabichi likawaonea huruma. Waliingia Lushoto wamesimama nyuma ya lori hilo, wameshika vyuma, vilemba vikipepea, na wakwe wote wakiwa wamejipanga nje kuwapokea. Posa ilikubaliwa. Mshenga aliruka sehemu ya ua. Baba mkwe alizunguka gari langu mara moja, akaniuliza kama rimu hizo ndizo zilizokuja nalo, nikamwambia ndiyo, shikamoo. Rimu zangu za zamani zilinifuata kwa basi la kesho yake, na shangazi mkubwa ameshaelezwa kwa maandishi kwamba halikuwa kosa lake, ingawa anasema atanisamehe baada ya harusi.

Rimu za dhahabu zinauzwa, na bei tutaelewana. Anayezitaka aje na gari lake, na aje na shangazi zake watatu, wakae nyuma na kukunja kona kabla hajalipa.