Yaya asiachiwe mzigo peke yake

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mtoto aliyebakwa anaweza kumruka mama akamwambia yaya, yaani dada yake mkubwa, usiku, wakiwa wamelala kitanda kimoja. Yaya analia, anamkumbatia, anamwapia mdogo wake kwamba hatamwambia mtu. Kosa linaanzia kwenye kiapo hicho, maana asubuhi itambidi akivunje. Aseme tu: "Nakuamini. Kosa si lako. Tutamtafuta mtu mkubwa wa kutusaidia."

Kisha waangalie saa. Dawa ya kuzuia VVU huanzwa kabla ya saa 72 kupita, ikamezwa siku 28. Ya kuzuia mimba, kwa msichana aliyevunja ungo, mwisho ni siku 5, na ikichelewa nguvu hupungua. Panzi, hospitali aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, inajulikana kwa kazi hiyo. Mtoto asiogeshwe kwanza. Nguo zake ziingie kwenye mfuko wa karatasi. Sasheti ya plastiki hushika unyevu na ushahidi unaharibika. Kama ameshaoga, au siku zimepita, apelekwe tu.

Zile siku 28 ndizo zinazoshinda watu. Kichefuchefu kinakuja, familia inaona mtoto "amepona", vidonge vinabaki kabatini. Yaya avihesabu kila jioni, ampe baada ya chakula. Akitapika, warudi kwa daktari, wasiache wenyewe.

Kumhoji si kazi yake. "Ulienda kule kufanya nini?" ni hukumu iliyovaa nguo ya swali. Aandike maneno ya mtoto yalivyotoka, na tarehe, basi.

Kaka anayebeba fimbo kwenda kwa mkosaji namwelewa, lakini simsifu. Ataishia kasho, yaani mahabusu, na mdogo wake ataamini kusema ndiko kulikoleta balaa. Wazee wanaohesabu mbuzi na dola ndio wananikasirisha zaidi: tangu sheria za Kongo za 2006, kesi ya ubakaji haiishi kwa faini ya mapatano. Na mkosaji akiwa mjomba au mpangaji wa parsela ileile, yaani kiwanja kimoja na mtoto, ahame yeye. Kumpeleka mtoto kijijini ni kumwadhibu.

Halafu yaya mwenyewe pengine ana miaka 14. Ndiye anayebadilisha shuka mdogo akikojoa usiku, ndiye anayemsindikiza shule, na masomo yake yanashuka bila mtu kuuliza kwa nini. Mdogo akipelekwa kwa mwanasaikolojia, yaya naye apangiwe siku yake, aingie peke yake. Na usiku mmoja kati ya miwili, shuka abadilishe mama.